Nani Mwenyeji wa Uwanja? Michezo ya Wapenzi wa Jinsia Moja na Ngoma za Kwetu

Tarehe 1 Juni 2018, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Uwanja huo ulikuwa umekarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya Afrika, CHAN, ambayo Kenya ilinyang'anywa kabla hayajaanza. Kwa hiyo watu wa Meru waliukosa mpira wa Afrika, lakini wakapata gwaride, bendi na ngoma. Mwezi huohuo, katika kambi ya Kakuma, wakimbizi mashoga na wasagaji, wengi wao wakiwa wametoroka Uganda, waliandamana kwa nyimbo na bendera zao. Baada ya hapo wakaanza kupokea vitisho vya kuuawa. Agosti, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Paris kwa awamu ya kumi ya Gay Games, michezo ya kimataifa iliyoasisiwa na wapenzi wa jinsia moja. Na Septemba, kwa muda wa siku saba tu, wakazi wa Nairobi waliruhusiwa na mahakama kuitazama filamu ya Rafiki, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana.

Ni makusanyiko manne ndani ya miezi minne. Yote yalikuwa na nyimbo, rangi na watu waliovalia vizuri. Hata hivyo moja lililindwa na askari, moja likawaponza waliolifanya, moja likafanyika mbali na kwetu, na moja likahitaji jaji. Makala haya yanayalinganisha matamasha ya wapenzi wa jinsia moja na sherehe za jadi za pwani na bara. Hoja yangu ni kwamba tamasha husimama juu ya nguzo mbili: mlango, yaani nani anaruhusiwa kuingia, na mwenyeji, yaani nani anasimama mbele ya watu na kusema, hawa ni wageni wangu. Michezo ya Magharibi imejenga mlango mpana. Mila zetu zimemkuza mwenyeji. Mashoga na wasagaji wa Afrika Mashariki wamekosa vyote viwili, na pa kuanzia kurekebisha ni mtaani.

Mlango uliofunguliwa San Francisco

Muasisi wa Gay Games ni Tom Waddell, daktari wa Marekani aliyeshika nafasi ya sita katika dekathloni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Aliijua michezo mikubwa kwa ndani: viwango vya kufuzu, bendera za mataifa, mshindi mmoja na walioshindwa wengi. Alipoandaa michezo yake katika uwanja wa Kezar, San Francisco, Agosti 1982, aliupindua utaratibu huo. Hapakuwa na muda wa kufuzu. Mzee alishindana na wazee wenzake. Asiyekuwa shoga wala msagaji aliruhusiwa kushiriki vilevile. Kipimo kikawa mtu kujitahidi kadiri ya uwezo wake. Washiriki wapatao 1,350 walifika, na tangu mwanzo sanaa ilikwenda sambamba na riadha, kwa bendi, kwaya na maonyesho.

Kwaya hizo zina historia ya kuumiza. Kwaya ya wanaume mashoga wa San Francisco ilijitokeza hadharani kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 27 Novemba 1978, kwenye ngazi za jumba la jiji, saa chache baada ya Meya George Moscone na diwani Harvey Milk kuuawa kwa risasi. Wimbo wao wa kwanza mbele ya watu ukawa wa matanga. Anayedhani matamasha haya ni anasa tupu na aanzie hapo.

Mlango wenyewe haukupatikana bure. Waddell alitaka michezo yake iitwe Olimpiki, lakini Kamati ya Olimpiki ya Marekani ikaenda mahakamani. Wiki chache kabla ya ufunguzi, neno hilo likaamriwa liondolewe kwenye mabango, tiketi na fulana. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Juni 1987 majaji watano dhidi ya wanne wakaipa kamati hiyo ushindi. Waddell alikuwa mahututi kwa UKIMWI. Mwaka mmoja nyuma, akiwa tayari mgonjwa, alirusha mkuki katika michezo ya pili na kutwaa dhahabu. Alifariki tarehe 11 Julai 1987, wiki mbili baada ya hukumu.

Michezo ikaendelea Vancouver, New York, Amsterdam, Sydney na kwingineko, hadi mwaka 2023 ilipofanyika kwa pamoja Hong Kong na Guadalajara. Mlango wake ni mpana kweli, lakini uko mbali. Kijana wa Meru anayetaka kukimbia huko atakwama kwanza kwenye dirisha la viza, kisha kwenye nauli.

Tena, mlango wa mbali haumlindi mtu akirudi nyumbani. Chosen FEW, timu ya soka ya wasagaji weusi wa Johannesburg iliyoundwa mwaka 2004, ilikwenda Chicago kwa Gay Games za 2006 na kurudi na medali ya shaba. Miaka miwili baadaye Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini na aliyeishi bila kuficha kwamba ni msagaji, aliuawa kikatili KwaThema, mahali alikokulia. Katiba ya nchi yake ilikuwa upande wake. Mtaa ndio uliomwangusha.

Wenyeji wa Makunduchi na Mombasa

Tuje kwetu. Kila mwaka, Julai, kijiji cha Makunduchi kusini mwa Unguja huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Wanaume wa pande mbili za kijiji huchapana kwa migomba, wakitoa kinyongo cha mwaka mzima. Zamani walitumia magongo. Siku hizi bua la mgomba huuma kiasi na haliui. Wanawake waliovalia kanga na nguo za fahari huzunguka wakiimba, na baadhi ya maneno yao siku nyingine yangeleta ugomvi wa nyumba na nyumba. Kibanda cha makuti huchomwa moto na watu hutazama moshi unakoelekea. Kisha ni karamu, na mila inataka kila nyumba iwe na mgeni.

Sharti hilo la mgeni lina uzito mkubwa. Makunduchi haitegemei fomu ya kujiandikisha. Inategemea mtu mwenye kaya kukuweka kwenye mkeka wake. Ukishakuwa mgeni wa fulani, anayekugusa amemgusa fulani. Na mambo yasiyosemeka siku za kawaida yanapewa siku yake, yanasemwa mbele ya wazee, na kijiji kinabaki kimoja.

Ngoma ya beni ilifanya kazi ya aina hiyo mijini. Ilizuka Lamu, Mombasa na miji mingine ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikachukua tarumbeta na gwaride za Wazungu, ikagawa vijana katika makundi pinzani yenye vyeo na sare, yakashindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Wanawake wa Mombasa nao wakashindana kwa ngoma ya lelemama. Anayesema tamasha la kigeni haliwezi kuwa la kwetu aitazame beni: ala za mkoloni, mashairi ya Kiswahili, na hakuna aliyeuliza tena ilitoka wapi.

Katika ngoma hizo wapenzi wa jinsia moja hawakukosekana. Gill Shepherd, mwanaanthropolojia aliyechapisha utafiti wake juu ya Mombasa mwaka 1987, alieleza kwamba mashoga walikuwa na kazi inayojulikana katika sherehe za harusi za wanawake, ikiwamo kupiga muziki, na kwamba mjini pale daraja na mali ya mtu vilihesabika sana katika kumpima. Ni ushahidi muhimu, lakini tusiupambe. Aliyepiga ngoma harusini alikuwa na mwenyeji kwa usiku ule tu. Alipewa ngoma, hakupewa kiti. Kulipopambazuka, wengi walikuwa hawamfahamu.

Kwa hiyo kila upande una pengo lake. Gay Games zinamjua mshiriki kwa jina lake kamili lakini haziishi naye mtaa mmoja. Ngoma zetu zinaishi naye, zinamtumia, ila jina lake halitajwi.

Entebbe, Kampala, Nairobi: wageni wasio na mwenyeji

Agosti 2012, wanaharakati wa Uganda, akiwamo Kasha Jacqueline Nabagesera, waliandaa tamasha lao la kwanza la fahari Entebbe. Walikuwa kundi dogo. Waliandamana katika bustani ya mimea kando ya Ziwa Viktoria, wakicheza, hadi polisi walipofika na kuwakamata baadhi yao. Walirudi tena Agosti 2014, siku chache baada ya Mahakama ya Katiba kuifuta sheria ya mwaka ule dhidi yao. Mwaka 2016 polisi walivamia klabu moja ya Kabalagala, Kampala, wakati wa shindano la urembo la tamasha hilohilo, na mwaka 2017 tamasha likafutwa kwa vitisho vya serikali. Sheria ya 2023 ikaja kali kuliko ile ya kwanza.

Nairobi njia ilikuwa nyingine. Mwaka 2011 tamasha la filamu za wapenzi wa jinsia moja lilianza kufanyika chini ya paa la Taasisi ya Goethe, asasi ya utamaduni ya Ujerumani. Tunawashukuru waliofungua mlango ule, lakini ni mwenyeji wa kuazima. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilionyeshwa Cannes kabla haijaonyeshwa Kenya, kwani bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Jaji Wilfrida Okwany alipoiondoa marufuku ile kwa siku saba, watu walijaza sinema. Kena, mhusika mkuu, huwa anacheza kandanda na wavulana wa mtaa wake. Hapo uwanjani anakubalika, kwa kuwa miguu yake ni mizuri. Habari za moyo wake zinapojulikana ndipo mtaa unapomvamia. Kahiu ameonyesha kwa picha ninachojaribu kukisema kwa maneno: uwanja ulikuwa wake kwa masharti.

Sheria ya Kenya nayo imesimama njia panda. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba serikali ilikosea kukataa kulisajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Wana haki ya kukusanyika kama chama, basi, huku mapenzi yao yakibaki kosa.

Majengo inaweza

Turudi basi mtaani. Meru ina Majengo yake, Embu ina yake. Mitaa yenye jina hilo katika miji ya bara ni makao ya zamani ya Waswahili, Wanubi, mafundi na wachuuzi waliotoka kila upande, na hadi leo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ni mitaa iliyojengwa na wageni. Jumapili jioni, muuza miraa wa Meru au muguka wa Embu akiwa kando ya mstari, vijana hugawana timu kwa kuchaguana mmoja mmoja. Kapteni hunyoosha kidole. Yule anayetembea kwa madaha, au msichana aliyenyoa na kuvaa bukta, huachwa hadi mwisho, na siku nyingine hachaguliwi kabisa. Hakuna bango wala sheria iliyotajwa. Lakini hapo mlango umefungwa, na kila mtoto aliyesimama pembeni ameona.

Wapo wanaotafuta utetezi kwa mababu. Hutaja Mugwe, kiongozi wa baraka wa Wameru, wakidai kwamba alivaa kike na kuolewa na wanaume. Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959, anatilia mkazo jambo jingine: mkono wa kushoto, ulioshika alama takatifu ya cheo na kutoa baraka. Sioni sababu ya kumbebesha Mugwe mzigo wa mabishano yetu. Haki ya mtu kupigiwa pasi haitegemei babu wa nani alivaa nini.

Wapo pia wanaosema dini imekwisha kusema. Hoja hiyo ina uzito katika mtaa wenye misikiti na makanisa, na siombi imamu au mchungaji abadili mafundisho yake. Lakini mafundisho ni kitu kimoja na kipigo ni kingine. Aprili 2022, upande wa pili wa Mlima Kenya, mjini Karatina, Sheila Lumumba, kijana msagaji, aliuawa kinyama. Hakuna dini inayokaa msibani ikashangilia.

Hukumu yangu ni hii. Meru na Embu haziwezi kuigiza Paris, wala hazihitaji kungoja bendera, wafadhili au uwanja wa Kinoru. Tuchukue kanuni moja ya Waddell, kwamba hakuna anayechujwa mlangoni, tuiunganishe na kanuni moja ya Makunduchi, kwamba kila nyumba iwe na mgeni. Kapteni wa Majengo, mwalimu wa ngoma, kiongozi wa kwaya, mama mwenye kikundi cha harusi: wewe ndiye mwenyeji anayekosekana katika habari hizi zote. Jumapili hii, unapogawa timu, mwite yule aliyesimama pembeni kwa jina lake, umpe jezi, na atakayemtukana umwambie amekutukana wewe.