Kumiliki ndege ndogo huku kwetu chini ya Meru: mambo ya kujua kabla hujaingia mfukoni

Hapa Oldonyo Sambu vindege tunaviona angani kila mara, na kila nikikaa kwenye kompyuta hakosi mtu wa pembeni wa kuniuliza: hivi mtu binafsi anaruhusiwa kuwa na ndege yake, ya kujirushia tu wikiendi? Jibu ni ndiyo, anaruhusiwa. Iandikishwe Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), ipewe namba inayoanza na 5H, iwe na cheti cha ubora wa kuruka, na wewe uwe na leseni. Mimi si rubani jamani, nimemaliza fomu foo tu, lakini nimesoma vitabu vya Cessna hadi macho yameuma na nimewasumbua mafundi kwa maswali. Haya niliyoyapata nayaweka hapa, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi tambarare, na sisi tuna mlima.

Naanza na mlima maana huo ndio unaoua. Meru ina mita 4,562, yaani karibu futi 14,970. Sasa chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, zaidi ya 44,000 tangu 1956. Ile ya toleo la 172N, ya mwishoni mwa miaka ya 70, kitabu chake kinasema mwisho wake wa kupanda ni futi 14,200. Piga hesabu mwenyewe. Ndege hiyo haifiki juu ya Meru! Kilimanjaro ndio usiitaje kabisa. Kwa hiyo Meru unaizunguka, hauiruki, na ili uizunguke ni lazima uione.

Na hapo ndipo watu wanapopotelea. Tarehe 1 Septemba 1999 ndege ya injini mbili aina ya Cessna 404, iliyokuwa ikitoka Serengeti kwenda KIA, iligonga Mlima Meru na watu wote 12 wakafa, 10 kati yao watalii wa Kimarekani. Tarehe 15 Novemba 2017 Cessna Caravan iliyotoka KIA kwenda Seronera ilianguka eneo la kreta ya Empakaai, wakafa watu 11. Hizo zilikuwa ndege za biashara na marubani wa kazi. Wewe wa wikiendi una sababu gani ya kujiamini kuliko wao? Kama wingu limekaa mlimani na huoni upande wa pili, unageuza unarudi mapema, wakati bado una nafasi ya kugeuza. Hakuna abiria atakayekulaumu akishuka mzima.

Kuna jambo jingine la Meru ambalo halionekani kwa macho. Upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki, upande wa bahari. Unaupanda mlima upande ule wa Usa na Tengeru, unaacha mvua huko (ndiyo maana wao wana migomba na sisi tuna vumbi), halafu unashuka upande wetu. Hewa inayoshuka inashuka na ndege yako. Hiyo 172N pale usawa wa bahari inapanda futi 770 kwa dakika, huku kwetu ni kama 500 au chini yake. Upepo ukiwa mkali, hewa ya nyuma ya mlima inaweza kushuka kwa kasi kuliko hiyo. Umeweka injini mwisho, pua iko juu, na bado unakwenda chini. Ndio maana wanafundisha kuukaribia mgongo wa mlima kwa pembeni, sio kuuelekea moja kwa moja, ili kugeuka kuwe rahisi. Na wanaruka asubuhi, saa 12 mpaka saa 3 au 4. Mchana jua likishachoma, vile visulisuli vya vumbi mnavyoviona njia ya Namanga vinakuonyesha hewa inavyochemka mpaka juu huko.

Joto nalo lina yake. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko futi 4,550, na sisi tuko juu zaidi ya hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, na ya moto ni nyepesi zaidi. Siku ya nyuzi 28 pale Kisongo ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 7,000 na ushee. Injini ya kawaida isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, pangaboi linashika hewa kidogo, mabawa nayo hivyo hivyo. Njia ya kurukia unayoihitaji inakuwa ndefu zaidi sana kuliko ile ya Dar. Jamaa aliyejifunzia Dar akija huku na mazoea yale yale anaishia kwenye mahindi ya watu.

Viti vinne navyo visikudanganye. 172N tupu ina kama kilo 650, na mwisho wa uzito wake ni kilo 1,043. Zinabaki kilo 390 na kitu. Jaza petroli, kama lita 150, hizo ni kilo 108 hivi. Zimebaki 280. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, na bado hujaweka hata begi. Sisi tumezoea Noah, anaingia wa kumi na bado konda anasema sogea. Ndege haina kusogea. Ama upunguze mtu, ama upunguze mafuta, na ukipunguza mafuta ujue inakula lita 30 na zaidi kwa saa.

Haya, tuje kwenye mshiko. Wengi wanadhani kazi ni kununua. Hata Cessna iliyozeeka ni makumi ya maelfu ya dola, kweli, lakini pesa hiyo unaitoa mara moja. Kinachokumaliza ni kuitunza. Oili inabadilishwa karibu kila baada ya saa 50 za kuruka. Kila mwaka ndege inafunguliwa na kukaguliwa na fundi mwenye leseni, hata kama haikuruka kabisa. Injini ya Lycoming iliyomo kwenye 172N mtengenezaji anashauri ifumuliwe yote ikifika saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia, na kuifumua ni zaidi ya dola 20,000. Maana yake kila saa unayoruka unatakiwa uweke pembeni dola 10 kwa ajili ya injini tu, kabla ya petroli, kabla ya bima, kabla ya kulipia pa kuiegesha. Asiyeweka hizo dola 10 ndiye utakayemkuta ameegesha ndege kwenye nyasi miaka na miaka. Na ndege ikilala, injini inashika kutu ndani. Ni kama gari lililoachwa nyuma ya nyumba, tofauti ni kwamba gari likizima barabarani unalisukuma pembeni.

Ndiyo maana wengi duniani wanamiliki kwa kuchangia, watu wanne au watano ndege moja. Majirani zetu Wakenya wana klabu ya marubani pale Wilson, Nairobi, Aero Club of East Africa, ilianzishwa 1927. Ndege ikiwa ya watu watano inaruka mara nyingi, injini haipati kutu na gharama inagawanyika. Ila andikianeni mkataba. Urafiki hautoshi siku ya kulipa fundi.

Kuhusu petroli: ndege hizi zinatumia Avgas 100LL, yenye rangi ya bluu. Caravan na wenzake wanatumia Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa na haina bluu ile. Injini ya Cessna 172 ya petroli ukiitilia Jet A-1 inaweza kuwaka, ikakimbia kidogo, ikazima umeshaacha ardhi. Rubani mwenyewe asimame pale yanapotiwa. Kabla ya kuruka anakinga kidogo kutoka chini ya kila bawa kwenye kikopo cha kuonea, anatazama rangi, anatazama maji. Maji yanakaa chini ya petroli, utayaona tu. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa kuna rafiki yangu wa hapa hapa, simtaji, ameshanunua injini ya pikipiki na anachora mabawa. Kichwa chake ni kizuri na nisingependa kukizika. Injini ya ndege ina magneto mbili na kila silinda ina plagi mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine uendelee. Hata vile vindege vyepesi kabisa vingi vinatumia Rotax 912, ya nguvu za farasi 80 mpaka 100, nayo ina plagi mbili kila silinda. Toyo ina moja. Nimemwambia aiendeshe chini kwanza na ampelekee TCAA michoro yake, akasema watamcheka. Wacheke.

Ndege wenye manyoya nao usiwadharau. Michael Grzimek, yule Mjerumani wa kuhesabu wanyama Serengeti, alikuwa na Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 aligongana na tumbusi, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko Ngorongoro, na baba yake Bernhard, aliyefariki 1987, amelazwa hapo hapo. Kwenye viwanja vya udongo ongeza ng'ombe na mbuzi: unapita chini mara moja kuwafukuza, ndipo unazunguka na kutua.

Kwa wanaotaka kuanza: viwango vya kimataifa vya leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17, saa 40 za kuruka, mitihani ya darasani, Kiingereza cha kuongea redioni, na cheti cha afya cha daraja la pili kutoka kwa daktari anayetambuliwa na TCAA. Anzeni na huyo daktari kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, maana ada hairudi. Wa miwani msiogope, inaruhusiwa ilimradi ukiivaa unaona vizuri.