Kura na Hesabu Yake: Uchaguzi wa Bunge la Ufini wa 1907 na Mfumo wa Uwiano

Utangulizi

Machi 15 na 16, 1907, watu wapatao 899,000 nchini Ufini walikwenda vituoni kuchagua bunge jipya la wajumbe 200. Mpiga kura alikabidhiwa karatasi iliyopangwa orodha za wagombea, akashika penseli nyekundu na kuchora mstari kwenye orodha aliyoitaka. Mtumishi wa nyumbani alichora mstari mmoja, na bwana aliyemwajiri alichora mmoja vilevile. Miaka mitatu nyuma, usawa wa namna hiyo usingewaziwa.

Uchaguzi huo hutajwa zaidi kwa sababu ya wanawake. Ufini ilikuwa nchi ya kwanza Ulaya kuwapa haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, na ya kwanza duniani ambako walichaguliwa kuingia bungeni. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba haki ya kura haitimii kwa mtu kufika kituoni peke yake. Hutimia kura yake inapohesabiwa kwa njia inayoipa uzito, na bunge lililotokana nayo linapoweza kutunga sheria ikafuatwa. Ufini ya 1907 ilifaulu katika mambo mawili ya kwanza, ikazuiwa katika la tatu. Mafanikio yale na pengo lile vyote vina funzo.

Kutoka matabaka manne hadi bunge moja

Wakati huo Ufini haikuwa dola huru. Tangu 1809 ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi, ingawa ilibaki na sheria zake na serikali yake ya ndani. Baraza lake la kutunga sheria lilikuwa la matabaka manne: makabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima wenye ardhi. Wakuu wa koo za kikabaila waliingia barazani kwa kuzaliwa. Mijini, uzito wa kura ulifuata mali na kodi. Wafanyakazi wa viwandani, watumishi, na wakulima wapangaji waliolipia mashamba kwa siku za kazi katika ardhi ya mwenye mali, hawakuwa na sauti. Wenye haki ya kupiga kura walikuwa takriban 126,000 tu.

Mabadiliko yaliletwa na msukosuko. Urusi ilishindwa vitani na Japani, na mgomo mkuu uliozuka Urusi mwaka 1905 ukavuka hadi Ufini mwishoni mwa Oktoba. Reli zilisimama, viwanda vikafungwa. Novemba 4, Tsar Nicholas II alitia saini tamko lililoagiza baraza lifanyiwe mageuzi. Kamati iliyoongozwa na Robert Hermanson, profesa wa sheria, iliandaa mapendekezo. Matabaka manne yaliridhia kujifuta yenyewe, na Julai 20, 1906, Tsar akaidhinisha sheria ya bunge moja litakalochaguliwa na wanaume na wanawake wote waliotimiza miaka 24. Wenye haki ya kura wakaongezeka takriban mara kumi, wakafika karibu milioni 1.27.

Neno “wote” lilikuwa na mipaka yake. Waliokuwa wakiishi kwa misaada ya maskini, waliodaiwa kodi na waliotangazwa mufilisi waliachwa nje. Mlango ulikuwa umefunguliwa sana, lakini maskini wa mwisho kabisa bado alikuwa amesimama kizingitini.

Wengi wape, na wachache je?

Kwa nini makabaila na matajiri walikubali? Hofu ya mgomo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine imo katika namna ya kuhesabu. Waswahili husema “wengi wape”, na mfumo wa mshindi mmoja kwa kila jimbo, tuliouzoea Kenya na Tanzania, umejengwa juu ya kauli hiyo: mwenye kura nyingi huchukua kiti, na kura za waliosalia haziwapi kiti hapo. Wasemaji wa Kiswidi, kundi dogo lililozoea kutawala, waliona kwamba mfumo huo ungeweza kuwafuta. Vyama vya wenye mali navyo viliwaogopa wafanyakazi. Uwiano ulikuwa dhamana yao: wengi watapewa cha wengi, na wachache watapewa cha wachache.

Ufini ilichagua kanuni ya Victor D'Hondt, mwanasheria wa Ubelgiji, ambayo nchi yake ilikuwa imeipitisha mwaka 1899. Nchi iligawanywa katika majimbo 16. Moja tu, la Lapland, lilikuwa na kiti kimoja. Mengine yalichagua wajumbe kadhaa kila moja. Kura za kila muungano wa orodha hugawanywa kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea, kisha viti hupewa matokeo makubwa zaidi kwa mpangilio.

Tuchukue mfano wa kubuni wa jimbo lenye viti sita. Muungano A una kura 48,000, B una 30,000, na C una 14,000. Kura za A zikigawanywa hutoa 48,000, 24,000, 16,000 na 12,000. Za B hutoa 30,000, 15,000 na 10,000. Za C huanza na 14,000. Sita zilizo juu ni 48,000, 30,000, 24,000, 16,000, 15,000 na 14,000. Kwa hiyo A hupata viti vitatu, B viwili na C kimoja. Lau eneo hilohilo lingekatwa vipande sita vya mshindi mmoja, na wafuasi wakawa wametawanyika sawasawa, A angeondoka na viti vyote sita, ilhali karibu nusu ya wapiga kura hawakumtaka.

Uzuri wa pili ulikuwa ndani ya orodha. Kila orodha ilikuwa na wagombea wasiozidi watatu. Wa kwanza alihesabiwa kura nzima, wa pili nusu, wa tatu theluthi. Orodha kadhaa ziliweza kuungana, na jumla ya kura alizohesabiwa kila mgombea ndiyo iliyopanga nani ndani ya muungano atangulie. Mpiga kura hakuchagua chama pekee; alisaidia pia kuamua sura zitakazokiwakilisha.

Matokeo yanathibitisha ubora wa mfumo na kuonyesha dosari yake. Wanademokrasia wa Kijamii, chama cha wafanyakazi, walipata asilimia 37 ya kura na viti 80. Chama cha Kifini kilipata asilimia 27.3 na viti 59. Wafini Vijana asilimia 13.7 na viti 26. Chama cha Waswidi asilimia 12.6 na viti 24. Umoja wa Wakulima, kwa asilimia 5.8, ulipata viti 9, na Wafanyakazi Wakristo, kwa asilimia 1.5, viti 2. Kanuni ya D'Hondt huwapendelea wakubwa kidogo: asilimia 37 ya kura ilizaa asilimia 40 ya viti. Lakini hakuna kundi la maana lililoachwa nje, na hakuna lililopewa ushindi lisioustahili.

Wanawake 19 walichaguliwa. Miongoni mwao alikuwamo Miina Sillanpää, aliyeanza kazi kiwandani akiwa mtoto, akawa mtumishi wa nyumbani na baadaye kiongozi wa watumishi mjini Helsinki. Alikuwamo pia Alexandra Gripenberg, binti wa ukoo wa kikabaila. Bunge halikuwa na jengo lake, likaanza vikao katika nyumba ya kikosi cha zimamoto. Humo, aliyetumikia na aliyezaliwa katika daraja la wanaotumikiwa walikaa kwa haki moja.

Sauti bila mamlaka

Hapa ndipo pengo linapoonekana. Bunge lilipitisha sheria, lakini haikuwa sheria mpaka Tsar aidhinishe. Mwaka 1907 lilipitisha marufuku ya pombe, Tsar hakuidhinisha. Mwaka 1908 lilipitisha mageuzi ya chaguzi za mitaa. Nayo yakakwama hadi 1917. Mkulima mpangaji aliyekuwa sawa na mwenye shamba katika uchaguzi wa taifa aliendelea kuwa mdogo katika uchaguzi wa kijiji chake, ambako kura zilihesabiwa kwa kadiri ya kodi. Bunge lilivunjwa mara kwa mara, na Wafini wakaitwa tena vituoni 1908, 1909, 1910 na 1911. Mwaka 1916 Wanademokrasia wa Kijamii walishinda viti 103 kati ya 200, lakini bunge hilo halikukutana hadi Tsar alipoanguka mwaka uliofuata.

Baadhi ya wachambuzi hulaumu mfumo wa uwiano, wakidai kwamba uliligawa bunge na kulidhoofisha. Hoja hiyo haisimami. Hata bunge lenye wingi wa wazi lilinyimwa nafasi ya kufanya kazi. Kilicholidhoofisha ni mamlaka ya mtawala asiyechaguliwa. Matumaini yaliyoamshwa kwa penseli nyekundu yalikaa miaka kumi bila jibu, na uchungu huo ni miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, vilivyoua zaidi ya watu 35,000.

Hitimisho

Thamani ya hesabu ya haki ilionekana baada ya vita hivyo. Upande wa wafanyakazi ulikuwa umeshindwa. Viongozi wake wengi walikuwa wameuawa, wamefungwa au wamekimbia. Chini ya mfumo wa mshindi mmoja, ingekuwa rahisi kuufukuza bungeni. Machi 1919 uchaguzi ulifanyika kwa kanuni ileile ya uwiano, na Wanademokrasia wa Kijamii wakarudi na viti 80, idadi ileile waliyopata 1907. Safari hii hapakuwa na Tsar wa kuzuia sheria. Mwaka 1926 chama hicho kiliunda serikali kwa amani, na Miina Sillanpää, mtumishi wa zamani, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo.

Hesabu ya haki haikuvizuia vita, na kudai kwamba ingeweza ni kuipa uwezo isio nao. Kilichofanyika ni kwamba walioshindwa kwa bunduki walibaki na njia ya kurudi kwa kura. Taifa linalobuni mfumo wa uchaguzi linapaswa kujiuliza hasa swali hilo: siku kundi moja litakaposhindwa vibaya, je, kura za watu wake zitaendelea kuhesabiwa?