Uoshaji wa utumbo mpana

Maneno "kusafisha tumbo" yana kazi nyingi mno. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, anayekunywa dawa ya mitishamba ili aharishe husema amesafisha tumbo. Anayeingiziwa maji kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa husema vilevile. Maji kidogo yanayoingizwa mara moja ili kulegeza choo kigumu yana jina lake la zamani: kupigwa bomba. Lakini pale lita nyingi za maji zinapoingizwa na kutolewa kwa awamu, istilahi inayofaa ni uoshaji wa utumbo mpana. Ni ndefu, ila inataja kiungo chenyewe: sehemu ya mwisho ya utumbo, yenye urefu wa kama mita moja na nusu, inayofyonza maji na chumvi kutoka katika mabaki ya chakula.

Wanaoipigia debe huduma hii hudai kwamba choo hugandamana humo na kuusumisha mwili. Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Marekani, aliieneza sana imani hiyo. Mwaka 1919 daktari mwingine, Walter Alvarez, aliipinga kwa hoja nyepesi: aliyefunga choo hupata nafuu mara tu anapokwenda haja, ilhali sumu iliyokwisha kuingia katika damu isingetoka upesi hivyo. Mpishi wa matumbo huyageuza na kuyasugua mpaka yatakate. Lakini utumbo ulio hai hauhitaji kusuguliwa: hujibambua ngozi yake ya ndani na kuota nyingine kila baada ya siku chache. Kuondoa sumu ni kazi ya ini na figo.

Tena kuna suala la maji yenyewe.

Katika kliniki moja ya Colorado, Marekani, kati ya 1978 na 1980, watu wasiopungua 36 waliugua amiba baada ya huduma hiyo, kwa sababu mashine ilibeba uchafu kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine. Kumi walilazimika kukatwa utumbo, na 6 kati yao wakafa.

Amiba si ugonjwa mgeni Sarang'ombe, wadi ya Kibera. Huko Gatwekera, shirika la SHOFCO limepitisha mabomba ya maji juu ya mapaa, kwa kuwa mipira iliyolazwa mitaroni ikipasuka hufyonza maji taka, na mtungi wa lita 20 ukanunuliwa ukiwa umeshachafuka. Homa ya matumbo nayo huenezwa na maji machafu: utafiti uliofanywa Gatwekera na Soweto ya Kibera na kuchapishwa 2012 ulikadiria wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Maji ya namna hiyo hayafai kunywewa, seuze kumiminwa utumboni.

Kwa hiyo mtu akiahidiwa kusafishwa tumbo, aulize kwanza: ni dawa ya kunywa, ni bomba, au ni kuoshwa utumbo mpana? Maji yanatoka wapi? Na mpira ule, nani aliutumia jana, na umetakaswaje? Mwenye ugonjwa wa figo, wa moyo au vidonda vya utumbo amwone daktari kabla hajakubali lolote.