Gugu la qinghao na swali la moto



Wengi wetu tunajua Coartem kuliko ile majani yenye ilizaa dawa hiyo. Jina lake ni Artemisia annua, Wachina wanaiita qinghao. Ni gugu la kawaida, linaota hata pembeni ya barabara.

Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523. Palu ilikuwa inaua askari msituni na klorokini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 kazi ikapewa Tu Youyou, mtafiti wa dawa za kienyeji kule Beijing. Kikundi chake kilikusanya maandiko zaidi ya 2000 ya dawa, kisha wakajaribu kwa panya dawa zaidi ya 380 walizokamua toka mimea karibu 200.

Qinghao ilionyesha nguvu, halafu kwa majaribio mengine nguvu ikapotea. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4. Pale akaona jambo dogo: mzee anasema kulowesha majani ndani ya maji na kuyakamua. Hasemi kuchemsha. Njo hapo Tu akafikiri kwamba pengine moto ndio unaharibu dawa. Akatumia eteri, yenye inachemka kwa digrii 35 tu, akaondoa na sehemu ya asidi yenye sumu. Oktoba 1971 dawa ikaponyesha panya wote. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili wakainywa kwanza wao wenyewe, kuona kama haina hatari.

Mwaka huo huo wakapata chembe safi za artemisinini, C15H22O5. Ndani yake kuna daraja la atomu mbili za oksijeni. Likikutana na chuma chenye kijidudu cha palu kinatoa kwenye damu, linavunjika na kijidudu kinakufa. Mwaka 2015 Tu akapata Nobel.

Kwa nini ninaandika hii kwetu? Kwanza, TFC nyingi nilizosoma zinaishia kwa "alkaloidi ziko, tanini ziko." Hazisemi ni molekuli gani, wala ni kiasi gani. Pili, chai ya artemisia inanywewa sana. Lakini kiasi cha artemisinini kinabadilika kufuata mbegu, shamba na namna ya kukausha, na mwenye kunywa hajui amepata ngapi. Kikiwa kidogo, vijidudu vinabaki na vinaweza kuzoea dawa. Njo maana mwaka 2019 OMS ilisema haishauri chai hiyo kwa kutibu palu.

Kwa hiyo, mwenye anaanza TFC juu ya majani ya kwao, asimuulize mama mzee jina la majani tu. Amuulize pia: unachemsha ao unalowesha? Mabichi ao makavu? Unachuma wakati gani? Aandike yote mbele ya kuingia labo.