Sauti na Picha Ndani ya Programu: Historia ya WebRTC

Kabla ya mwaka 2011, mtengenezaji programu aliyetaka watumiaji wake wazungumze na kuonana kwa muda halisi, yaani bila ucheleweshaji unaovuruga mazungumzo, alilazimika ama kununua leseni ya injini ya sauti kutoka kwa kampuni chache zilizobobea, ama kuwataka watumiaji hao wapakue programu-jalizi, ambayo ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakina. Google yenyewe, ilipoingiza mazungumzo ya video ndani ya Gmail mwaka 2008, ilifuata njia hiyo ya pili. Itifaki za kusafirishia sauti hazikukosekana, kwani RTP, inayoelekeza namna ya kuipa kila pakiti, yaani furushi dogo la data, namba na saa yake, ilichapishwa mwaka 1996. Kilichokosekana ni ujuzi wa kuifanya sauti isikike vizuri pale mtandao unapoyumba, na ujuzi huo ulikuwa bidhaa ya kuuzwa.

Ugumu wenyewe unaonekana mtu akifuata safari ya neno moja. Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kipande kikafungwa katika pakiti na kutumwa bila kungoja uthibitisho wa mapokezi, kwa sababu pakiti inayotumwa upya mara nyingi huwasili wakati mazungumzo yamekwisha kusonga mbele. Nyingine huchelewa, nyingine hupitana njiani, kwa hiyo programu inayopokea huzihifadhi kidogo katika akiba: akiba ikiwa ndogo sauti hukatika, ikiwa kubwa wazungumzaji huanza kudakizana. Kampuni ya Global IP Sound, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1999 na baadaye kuitwa Global IP Solutions, ilijipatia sifa kwa NetEQ, akiba inayojirekebisha yenyewe kwa kurefusha au kufupisha sauti kidogo na kwa kubuni kipande cha kuziba pengo pakiti inapopotea. Ustadi huo nao ulikuwa na mpaka. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, ilhali mawasiliano ya Afrika Mashariki na nje, kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, yalitegemea sana setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako kupanda na kushuka kwa mawimbi peke yake huchukua karibu robo sekunde.

Kikwazo kingine kilikuwa anwani. Vifaa vingi vya nyumba au ofisi moja hutumia anwani moja ya nje, mithili ya wapangaji wanaochangia sanduku moja la posta, na anayepiga kutoka nje hana njia ya kukitambua kifaa anachokitaka. Seva ya STUN hukijulisha kifaa anwani yake inavyoonekana kutoka nje. Njia ya moja kwa moja ikishindikana, seva ya TURN hupokea pakiti za upande mmoja na kuzipeleka upande wa pili. Na utaratibu wa ICE huzijaribu njia zote na kuchagua inayopitika.

Mwaka 2010 Google iliinunua Global IP Solutions kwa takriban dola milioni 68, na mwaka huohuo ikakamilisha ununuzi wa On2, mmiliki wa VP8, ambayo ni kodeki, yaani mbinu ya kukandamiza picha ili zisafiri kwa data chache. Mwaka uliofuata injini ya Global IP Solutions ikatolewa bure kama programu huria kwa jina la WebRTC. Hiyo haikuwa sadaka, kwani kampuni inayoishi kwa wavuti hunufaika kila jambo jipya linapowezekana ndani ya kivinjari. Mwezi Februari 2013 vivinjari vya Chrome na Firefox vilipigiana simu ya video. Lakini mabishano kati ya waliotaka VP8 na waliotaka H.264, kodeki nyingine yenye hataza na ada zake, yaliendelea hadi Novemba 2014, IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, ilipoamua kwamba vivinjari vibebe zote mbili, suluhu ya kisiasa zaidi kuliko ya kiufundi. Safari, kivinjari cha Apple, kiliingia mwaka 2017, na viwango rasmi vikatangazwa Januari 2021, wakati janga la Korona lilikuwa limekwisha kuifanya mikutano ya video kuwa jambo la kila siku.

Uhuria huo, hata hivyo, uliondoa gharama ya ujuzi bila kuondoa gharama ya mitambo. Katika mkutano wa watu 10 wanaounganishwa moja kwa moja, kila kifaa hutakiwa kutuma picha yake mara 9, mzigo ambao simu ya kawaida haiuwezi. Kwa hiyo huwekwa seva ya katikati, kama ile ya mradi huria wa Jitsi, inayopokea picha moja ya kila mtu na kuwasambazia wengine. Kuzitunza seva hizo ndiyo biashara iliyozikuza kampuni kama TokBox, Twilio na Agora, ambazo zilimpa mtengenezaji programu zana zilizo tayari, kisha zikamtoza kwa dakika zilizotumika. Seva ikiwa Ulaya, watu wawili walioko Mwanza huzungumza kwa pakiti zinazovuka bahari kwenda na kurudi, na dakika hizo hulipiwa kwa dola.