Kinyume na Sheng: Misimu ya Vijana katika Historia ya Kiswahili

Kila alama za insha ya Kiswahili zinaposhuka nchini Kenya, hawakosekani wanaoilaumu Sheng. Inadaiwa kuwa ni msimbo usio na asili, uliozuka kuiharibu lugha. Mhadhara huu unaipima hoja hiyo kwa mizani ya historia.

Kuhusu chimbuko lake, wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaolirudisha hadi miaka ya 1930, katika usiri wa wahalifu wa Nairobi. Wengine huliweka baada ya uhuru wa mwaka 1963, katika mitaa ya mashariki ya jiji, kama vile Kaloleni na Bahati. Humo familia za makabila mbalimbali ziliishi kwa kubanana, na watoto wakahitaji lugha ya kuchezea isiyokuwa ya mzazi wa yeyote wala ya darasani. Walishika sarufi ya Kiswahili, wakaijaza msamiati wa Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyinginezo.

Tuchunguze neno moja. Katika Sheng, stori huwa risto: silabi ya mwisho imetangulizwa. Mbinu hii si ngeni kwetu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Unguja, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 alieleza kinyume, yaani usemi wa mafumbo uliohamishia silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno. Kwa kanuni hiyo, nyumba huwa mbanyu.

Hatusemi kwamba vijana wa Nairobi waliurithi mchezo huo kutoka Unguja. Vijana wa Ufaransa nao hugeuza silabi katika verlan yao, bila ya kufunzwa na Mswahili. Linalothibitika ni jambo jingine: kinyume hakikukiua Kiunguja. Lahaja hiyo hiyo ndiyo iliyoteuliwa mjini Mombasa, mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Isitoshe, hawezi kuzipindua silabi asiyezitambua. Basi mwalimu akikuta risto katika insha na alisahihishe, kwa kuwa insha ina rejista yake. Lakini kabla ya kulikata kwa wino mwekundu, amtake mwanafunzi aeleze neno hilo limeundwaje. Jibu atakalopewa litakuwa somo la fonolojia ya Kiswahili, na aliyelitoa ni yule yule anayedaiwa kuwa haijui lugha.