Amrit na Ndoa katika Historia ya Masingasinga

Mtu akitaka kuieleza kwa Kiswahili ibada ya Masingasinga iitwayo amrit, neno limjialo upesi ni jando. Sababu yaonekana: katika jamaa nyingi zishikazo dini, wazee hutazamia kijana apokee amrit kabla ya kuoa, na binti kabla ya kuolewa, mfano wa mwari atolewaye ndani ndipo aposwe. Lakini historia ya ibada hizi mbili, amrit na ndoa, yaonyesha kwamba neno hilo lapotosha.

Amrit ilianzishwa na Guru Gobind Singh mjini Anandpur, katika nchi ya Panjab, mwaka 1699. Maji na sukari hukorogwa katika bakuli la chuma kwa upanga wenye makali mawili, huku watu watano waliokwisha kuipokea wakisoma sala. Apokeaye hula kiapo: hatakata nywele, hatatumia tumbaku, hatazini, wala hatakula nyama iliyochinjwa kwa desturi ya Kiislamu. Mwanamume huitwa Singh, na jina hilo ndilo lililobaki katika neno letu Kalasinga.

Ndoa yao, Anand Karaj, ilipita njia nyingine. Beti nne zisomwazo ni za Guru Ram Das, aliyefariki mwaka 1581, zaidi ya miaka 100 kabla ya mambo ya Anandpur. Serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi iliithibitisha ndoa hiyo kwa sheria ya mwaka 1909, wala sheria haikutaja amrit. Kanuni za mwenendo zilizoidhinishwa Amritsar mwaka 1945 zataka wote wawili wawe wa dini hiyo. Hazikuifanya amrit kuwa sharti la ndoa. Tena zakataza kumpa amrit mtoto asiyefikia umri wa kupambanua mambo.

Hoja ya wazee si haba: mume na mke wakiwa katika kiapo kimoja, nyumba ina mwenendo mmoja. Hata hivyo, jando huingiwa na rika zima, na aliyekwisha kutoka jandoni harudi nyuma. Amrit ni ya mtu mmoja mmoja, na aivunjaye ana hatia ambayo asiyeipokea hana. Hana budi kuungama mbele ya watano na kuipokea upya. Basi kijana aipokeaye ili kuwaridhisha wakwe huenda akapata mke na kujitwika deni pamoja naye.

Kwa hiyo twaona kuwa neno lifaalo ni nadhiri. Jando mtu hutiwa na wazee wake. Nadhiri haiwekwi na mtu kwa niaba ya mwingine.